Maiki Imegoma: Jinsi ya Kupata Msaada wa Fundi kwa Vifaa vya Sauti vya Darasani na Ofisini

"Maiki haifanyi kazi." Taarifa ya namna hii ikimfikia fundi, bado hajaambiwa kitu. Huenda betri zimekwisha. Huenda swichi imezimwa, kebo imekatikia ndani, kompyuta inapeleka sauti kwenye projekta, au amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) imeungua. Atakuja mikono mitupu, ataangalia, kisha atarudi kufuata kifaa anachohitaji, na kipindi au mkutano utakuwa umeshapita. Ili aje mara moja akiwa na kitu sahihi, mtu aliyeko chumbani anatakiwa amwambie jambo moja: sauti inafika wapi na inapotelea wapi.

Kulijua hilo hakuhitaji utaalamu. Kunahitaji dakika kumi na kufuata utaratibu.

Ifuate sauti njia yake

Sauti ya mtu husafiri kwa mstari: maiki, kebo (au mawimbi ya redio kama maiki haina waya), miksa (kifaa cha kuchanganya na kurekebisha sauti), amplifaya, spika. Sauti ya kompyuta huanzia kwenye programu, hupita kwenye mipangilio ya kompyuta, hutokea kwenye tundu la USB, HDMI au jeki, ndipo iingie kwenye miksa au spika. Mara nyingi hitilafu iko mahali pamoja tu kwenye mstari huo.

Anzia katikati, si mwanzoni. Miksa nyingi zina taa ndogo kwenye kila chaneli, au safu ya taa pembeni, ambazo hucheza sauti inapoingia. Ongea kwenye maiki huku unazitazama. Zikicheza, maiki na kebo yake ni nzima, na tatizo liko mbele: kwenye miksa yenyewe, amplifaya au spika. Zisipocheza, tatizo liko nyuma, kati ya mdomo wako na miksa. Jaribio hilo moja limeshaondoa nusu ya mashaka.

Kisha badilisha kitu kimoja kimoja. Chukua kebo unayojua ni nzima, uiweke badala ya ile unayoishuku. Ikiwa bado, rudisha ya kwanza, halafu hamishia maiki kwenye chaneli nyingine. Tatizo likiihama chaneli na kuifuata maiki, maiki ni mbovu. Likibaki kwenye chaneli ile ile hata kwa maiki nyingine, chaneli ndiyo mbovu, au kuna kitufe chake kimezimwa. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo na sauti ikarudi, hutajua kipi kilikuwa na kasoro, na kile kibovu kitarudi kabatini kusubiri mwingine.

Kabla ya kuchomoa au kuchomeka chochote, shusha sauti hadi chini kabisa. Ule mlipuko unaosikika kebo ikichomolewa amplifaya ikiwa wazi unaweza kuharibu spika ndogo za sauti nyembamba. Kwa sababu hiyo hiyo amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Maiki za kondensa zina jambo lao. Hizi hupata umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa kitufe kilichoandikwa 48V au alama inayofanana na hiyo. Mtu akikigusa bila kujua, maiki zote za aina hiyo hunyamaza kwa pamoja, huku maiki za kawaida zikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona baadhi ya maiki zimekufa kwa wakati mmoja na nyingine ziko hai, tazama kitufe hicho kabla ya kumpigia mtu simu.

Maiki zisizo na waya

Hapa ndipo malalamiko huwa mengi, na ndipo kifaa chenyewe husema zaidi kama ukijua pa kutazama. Anza na betri. Betri mpya ya kawaida ya AA ina takriban volti 1.5; ile ya kuchajiwa ya NiMH hukaa karibu na 1.2 muda mwingi wa matumizi yake. Ndiyo maana baadhi ya maiki huonyesha alama ya betri nusu japo umetoka kuichaji. Kama kifaa kinakuruhusu kuchagua aina ya betri, chagua iliyo sahihi. Badilisha betri zote mbili kwa pamoja, zote za aina moja. Ukichanganya nzee na mpya, ile nzee ndiyo itakayoamua maiki itazima saa ngapi.

Sasa tazama risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi. Risiva nyingi zina viashiria viwili, kimoja cha mawimbi ya redio (RF) na kingine cha sauti (AF). Visome hivi:

- RF haiwaki: maiki imezimwa, betri imekufa, au maiki na risiva haziko kwenye masafa mamoja. Linganisha namba ya chaneli au ya masafa kwenye vifaa vyote viwili, tarakimu kwa tarakimu.
- RF inawaka, AF haichezi ukiongea: mawimbi yanafika ila hayajabeba sauti. Kwanza tazama swichi ya kunyamazisha iliyo kwenye maiki. Kwa maiki ya kubana kifuani, shuku waya wake mwembamba, hasa pale unapoingia kwenye plagi, maana hapo ndipo hukunjwa kila siku.
- Zote mbili zinafanya kazi na bado chumba kimya: acha maiki, fuata kebo inayotoka risiva kwenda miksa.
- RF inawaka hata maiki ikiwa imezimwa: kuna kitu kingine kinarusha kwenye masafa yale yale, pengine maiki ya chumba cha jirani. Hilo ni la fundi, kwa sababu masafa ya vyumba vyote yanatakiwa kupangwa pamoja. Ukibadilisha ya kwako peke yako, unaweza kumwangukia mwingine.

Sauti inayokatikakatika msemaji akigeuka au akisogea mbali kwa kawaida ni suala la antena kufichwa. Mwili wa mtu huzuia mawimbi, na chuma ndiyo kabisa. Risiva iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma na antena zimelala haitakosa kulalamikiwa.

Kompyuta

Kwa kompyuta, kitu cha kwanza kuuliza ni kama sauti imekufa au imepelekwa kwingine. Ukichomeka HDMI, kompyuta nyingi huhamishia sauti kwenye projekta au skrini, na spika za chumba hubaki kimya zikiwa nzima kabisa. Bofya alama ya spika, uone ni kifaa gani kimechaguliwa. Kisha fungua mipangilio ya sauti ndani ya programu ya mkutano yenyewe, kwa sababu programu hizo huwa na uchaguzi wao wa maiki na spika usiofuata ule wa kompyuta. Watu hurekebisha mahali pa kwanza na kusahau pa pili.

Kwa maiki kuna kizuizi cha tatu: ruhusa. Mfumo wa kompyuta unaweza kuwa umeinyima programu haki ya kutumia maiki, na kama unaingia mkutanoni kupitia kivinjari, kivinjari nacho kina ruhusa yake kwa kila tovuti.

Hedifoni za Bluetooth huonewa sana. Muziki unasikika vizuri, mkutano ukianza tu sauti inakuwa kama ya simu ya zamani. Hazijaharibika. Maiki yake ikitumika, hedifoni huhamia kwenye hali ya kupiga simu, ambayo hubeba sauti kwa ubora wa chini. Chagua maiki ya kompyuta yenyewe au ya USB, na hedifoni ibaki kazi ya kusikiliza tu.

Kwa hedifoni ya waya yenye maiki, hesabu pete za plastiki kwenye jeki ya milimita 3.5. Pete tatu maana yake ina sehemu nne za mguso, yaani sauti kushoto, kulia, ethi na maiki. Ukiichomeka kwenye tundu la kusikilizia tu, utasikia lakini hutasikika. Hapo hakuna cha kutengeneza; kunahitajika kigawanyio cha jeki mbili.

Ukiambiwa uiwashe upya kompyuta, iwashe upya kweli. Kwenye Windows, kuzima na kuwasha si sawa na kuchagua kuwasha upya: kwa mipangilio ya kawaida, kuzima huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirejesha vile vile, pamoja na draiva ya sauti (programu inayoendesha kifaa cha sauti) iliyokwama.

Kelele zina majina

Fundi akisikia "kuna kelele" bado hajui. Ukimwambia ni kelele ya namna gani, anakuwa ameshaanza kazi.

Mvumo wa chini usiobadilika, kama wa transfoma, hutoka kwenye umeme wa jengo, na huwa na masafa ya hezi 50 au 60 kulingana na nchi, pamoja na vigawe vyake. Jaribu hili: chomoa chaja ya kompyuta mpakato, iache itumie betri yake. Mvumo ukikoma hapo hapo, ni mzunguko wa ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini): kompyuta na amplifaya zimeungana kwa ethi mara mbili, kupitia soketi na kupitia kebo ya sauti. Tiba yake ni kifaa kidogo chenye transfoma ya kutenganisha, kinachowekwa kwenye kebo ya sauti. Tiba isiyo tiba, ambayo watu huifanya kila siku, ni kukata au kuziba pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utaondoka na ulinzi utaondoka nao. Umeme ukivuja ndani, ganda la kifaa ndilo litakalokushtua.

Mluzi mkali unaopanda haraka ni sauti ya spika kurudi kwenye maiki na kukuzwa tena na tena. Sogeza maiki nyuma ya spika, ikaribie mdomo, punguza sauti. Mara nyingi hahitajiki fundi. Mwangwi kwenye mkutano wa mtandaoni ni ndugu yake: tafuta kompyuta au simu mbili chumba kimoja, zote maiki na spika wazi. Na kama wewe hujisikii lakini wenzako wa mbali wanajisikia wenyewe, mwangwi unatoka chumbani kwako.

Kukwaruza kunakotokea kebo ikiguswa ni waya uliokatika nusu. Shika kebo kama sentimita 10 kutoka kwenye plagi, ikunje taratibu huku na huku, kisha fanya hivyo upande wa pili. Upande utakaokwaruza ndio wenye tatizo. Sauti inayopasuka mtu akiongea kwa nguvu tu, huku taa nyekundu ikimweka, ni maiki iliyofunguliwa kupita kiasi pale inapoingia kwenye miksa. Punguza hapo juu ya chaneli, usipunguze spika.

Amplifaya inayonyamaza baada ya nusu saa hivi na kurudi yenyewe ikipoa inajikinga na joto. Tazama kama matundu yake ya hewa yamezibwa na vumbi au makaratasi. Fundi atataka kujua ni baada ya dakika ngapi, kwa hiyo hesabu.

Mahali pa kuishia

Usifungue amplifaya. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fyuzi ikikatika, mpya iwe ya kiwango kile kile; ikikatika tena, acha, kuna kitu ndani kinavuta umeme kupita kiasi. Kuweka kubwa zaidi ni kuchagua kuunguza kifaa badala ya fyuzi. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, zima ukutani, bandika karatasi yenye neno USIWASHE, na usiiwashe tena ili eti fundi ajionee.

Kuna na sababu nyingine ya kutofungua: waranti. Watengenezaji wengi hukataa kifaa kilichofunguliwa na mtu wasiyemtambua. Kwa hiyo kabla ya kumwita yeyote mwenye bisibisi, tafuta risiti na tarehe ya kununua.

Nani aitwe

Tatizo likiifuata kompyuta, yaani kompyuta nyingine ikichomekwa kwenye kebo ile ile inatoa sauti, peleka kwa kitengo cha TEHAMA. Kama kila kompyuta ni kimya, basi ni spika, amplifaya au kebo zilizopita ukutani, na anayehusika ni fundi wa sauti au kampuni iliyofunga mfumo. Soketi isiyo na umeme ni ya fundi umeme wa jengo. Kifaa kilicho ndani ya waranti kinarudi kwa muuzaji. Kumwita asiyehusika hakumalizi chochote. Tiketi (rekodi ya ombi lako la msaada) hutupwa toka dawati hili hadi lile, na kila dawati huanza kuuliza upya.

Spika za dari zina mtego. Mifumo mingi ya aina hiyo hutumia laini ya volti 100 au 70, si ya spika za kawaida za omu 8. Mtu akiokota spika ya kawaida na kuiunganisha hapo, anaweza kuua spika au amplifaya. Waachie wanaojua mfumo wa chumba hicho.

Kuandika taarifa

Geuza kifaa utafute kibandiko nyuma au chini, ukipige picha. Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Namba ya mali imebandikwa na taasisi yako, na ndani ya taasisi ndiyo inayojulikana. Namba ya seriali imewekwa na mtengenezaji, nayo ndiyo itakayoulizwa na muuzaji. Andika zote mbili pamoja na modeli.

Taarifa nzuri haizidi mistari minane. Mfano:

*Chumba 12, ghorofa ya 2. Maiki ya mkononi isiyo na waya, namba ya mali 0417, haitoi sauti tangu Jumanne asubuhi. Jumatatu jioni ilikuwa nzima. Betri zote 2 zimebadilishwa kwa mpya. Kwenye risiva taa ya RF inawaka, ya AF haichezi. Swichi ya maiki iko wazi. Maiki ya waya kwenye miksa hiyo hiyo inafanya kazi. Chumba kiko wazi leo saa 8 hadi saa 10 mchana (14:00–16:00). Kesho saa 3 asubuhi (09:00) kuna mtihani wa kusikiliza, wanafunzi 40.*

Anayesoma hayo anajua aje na maiki nyingine, aache kebo na amplifaya. Anajua lini mlango utakuwa wazi. Na saa zimeandikwa kwa namna zote mbili, kwa sababu "saa 8" kwa mwingine ni asubuhi.

Ambatisha picha ya nyuma ya vifaa ikionyesha kebo zilivyochomekwa, na video ya sekunde 15 yenye kelele yenyewe. Video ya dakika tano haitatazamwa. Taja pia kilichobadilika: kompyuta ilisasishwa, meza zilihamishwa, kulikuwa na hafla juzi. Watu huliacha hili wakidhani halihusiani, na mara nyingi ndilo jibu.

Kuhusu uharaka, eleza athari badala ya kupiga kelele kwa herufi kubwa. Nani hawezi kufanya kazi, wangapi, lini. Kama kuna mwanafunzi au mfanyakazi mwenye shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) linalopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, sema hivyo waziwazi. Kwake mfumo ukizima hakuna njia ya "kuongea kwa sauti kubwa kidogo".

Tatizo linalokuja na kuondoka

Hili ndilo linalowashinda wengi: fundi akifika, kila kitu kinafanya kazi. Weka daftari chumbani. Kila likitokea andika tarehe, saa, nini kilikuwa kimewashwa, na lilichukua dakika ngapi. Mistari mitano ya hivyo hufichua mpangilio: kila saa 4 asubuhi chumba jirani wakiwasha maiki zao, au kila kiyoyozi kinapojiwasha. Na likitokea, usichomoe chochote kabla ya kupiga picha ya taa zote.

Fundi akiwa kwenye simu, au mlangoni

Msaada wa simu unakuhitaji uwe ndani ya chumba, kifaa kimewashwa, mikono iko huru. Usiweke simu kwenye spika karibu na maiki iliyo wazi, mtaishia kusikia mluzi. Akitaka kuidhibiti kompyuta yako kwa mbali, hakikisha ni wewe uliyeomba msaada au kwamba anaijua namba ya tiketi yako. Funga nyaraka zako, na nenosiri uliandike mwenyewe, usimtajie.

Akija mwenyewe, usikunje kebo wala kupanga meza kabla hajaona. Mwonyeshe hatua kwa hatua ulivyofanya hadi tatizo likatokea. Akimaliza, muulize ni sehemu gani ilikuwa na kasoro, na kama alichofanya ni cha kudumu au cha kusubiri kipuri. Kisha jaribuni kwa matumizi halisi: programu ile ile, maiki ile ile, mtu akae kiti cha nyuma kabisa, dakika tano angalau. "Moja, mbili, moja, mbili" ya sekunde tatu haimshtui hata amplifaya inayokufa kwa joto.

Tiketi ikifungwa na tatizo likarudi, omba ifunguliwe ile ile. Ukiandika mpya, historia yote inabaki kwenye ya zamani na fundi mwingine ataanza na betri. Kipuri kikichelewa, omba kifaa cha kuazima kwa maandishi, ukitaja tarehe unayokihitaji. Siku ulizoahidiwa zikipita, ujumbe mfupi unatosha: namba ya tiketi, tarehe ya kufunguliwa, na shughuli ngapi zimekwama hadi leo. Usipojibiwa, upeleke ujumbe huo huo kwa msimamizi bila kuongeza maneno.

Wakati unasubiri, maiki ya waya inatosha kwa chumba kizima, na mkutano wa mtandaoni unaweza kuchukua sauti kupitia simu moja iliyowekwa katikati ya meza, kompyuta ikibaki na picha tu na sauti yake ikiwa imezimwa.

Sanduku la chumba

Kebo moja ya XLR (ya maiki, yenye pini tatu), moja ya jeki ya milimita 3.5, HDMI moja, betri nne za AA ambazo hazijafunguliwa, na kalamu ya kuandikia vibandiko. Kebo ikithibitika ni mbovu, ifunge fundo kabisa na utepe mwekundu, itoke chumbani siku hiyo hiyo. Na siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, piga picha ya miksa kutoka juu, vitufe na alama zote zionekane, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Asubuhi ambayo mtu atakuwa ameshagusa kila kitu, rudisha vitufe kama vilivyo pichani kwanza, ndipo uandike tiketi.